Mama Alivyoilalamikia Mvua

Nyumbani kwa mama ilikuwa mwiko kuilalamikia mvua. Sisi watu wa Dodoma maisha yetu ni kuisubiri, kwa hiyo ikija, hata ikikulowanisha na sare za shule, unafunga mdomo. Utotoni niliwahi kunung'unika kwamba inanyesha mno, mama akanichapa kofi la mgongo na kuniambia mvua ina masikio.

Ndiyo maana mwaka jana, nilipotoka kwangu Nzuguni, mjini, kwenda kijijini kumchukua, sikujua nianzie wapi. Mvua ilikuwa haikatiki. Korongo lililo chini ya nyumba yake, ambalo karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu na ambamo tulizoea kufukua ili tupate maji ya kunywa, sasa lilikuwa mto unaonguruma. Lilibeba miti mizima na mizizi yake. Nilisimama mbali kidogo nikaona kipande cha shamba la mtu kikimeguka, mtama wake bado umesimama.

Mama nilimkuta juu ya paa la nyumba yake ya tembe. Paa la tembe ni bapa, la miti iliyofunikwa udongo, na likivuja dawa yake ni kuongeza udongo. Dawa hiyo imetufaa miaka yote kwa sababu mvua zetu ni za kuja na kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe hilo karai."

Nikampa. Nilifika na maneno yangu yote ya mjini, nikaishia kumpandishia udongo. Kila karai lililopanda nililiona linakwenda kukaa juu ya kitanda chake. Udongo wa jana ulikuwa haujakauka, wa juzi vilevile, na bado tulikuwa tunaongeza mwingine. Lakini ningesemaje kwamba paa limelemewa bila kusema kwamba mvua imezidi?

"Mama, twende mjini ukawaone wajukuu."

"Kwani wajukuu hawana miguu?"

"Kule tuna nyumba ya bati, haivuji."

"Bati ni ngoma. Mtu analalaje ndani ya ngoma?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimkasirikia, na nilimwogopea pia.

Tuliingia ndani kuota moto. Mvua iliongeza kasi, na ngurumo ya korongo ikasikika karibu kuliko nilipofika. Mama alinimiminia chai. Nilikuwa bado naipuliza pale vumbi lilipodondokea kikombeni. Vumbi kavu, siku ambayo hapakuwa na kitu kikavu kijiji kizima. Miti ya paa ilikuwa inasogea na kusagana. Nilimtazama mama, alikuwa ameshaliona. Aliweka kikombe chini taratibu, akasema kwa sauti ndogo:

"Imezidi."

Neno lile lilinitisha kuliko vumbi. Nilimshika mkono nikamvuta. Khanga yake ikanasa mlangoni, nikaivuta ikachanika. Tulikuwa hatujalifikia zizi la mbuzi paa liliposhuka. Halikupiga kelele nyingi. Lilijitua kama gunia la mahindi linaposhushwa kutoka kichwani. Mama hakulia.

Sasa anaishi kwangu, chini ya bati analolisema vibaya kila siku. Mwaka huu mvua imegoma. Mahindi ya majirani yamejikunja kabla ya kufika magotini, na watu wanakwenda makanisani na misikitini kuiomba. Mama haendi. Kila asubuhi hutoka barazani, hutazama juu, kisha huingia ndani.

Juzi hakuingia. Nilimkuta ameketi, mikono mapajani.

"Siku ile," aliniuliza, "ulinisikia nilichosema?"

Nilijua anaogopa nini. Na mimi, mtu mzima mwenye kazi yangu mjini, niliogopa kitu hichohicho.

"Sikusikia, mama. Mvua ilikuwa na kelele."

Aliinua macho juu.

"Basi labda na yenyewe haikusikia."