Kaluvu ya Kwanza

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mpishi wa kaluvu, pombe yetu ya asali, pale Mumbuni. Mwaka ule kisukari kilikuwa kimemlaza, na Jumamosi shemeji yangu alikuwa anapeleka mbuzi wa mahari kwa kina mchumba wake. Mbuzi bila kaluvu hawapokelewi. Kazi ikaniangukia mimi, mwanakwaya ambaye sikuwa nimewahi hata kuionja.

Jumatano nilichanganya asali nyeusi na maji ya vuguvugu, nikatia miatine, yale matunda makavu ya kuchachusha, vyote ndani ya kibuyu. Alhamisi nikaweka sikio kwenye kibuyu, maana kaluvu ikichachuka hulia. Kimya. Ijumaa asubuhi, kimya. Ilikuwa Julai, ukungu kutwa. Nilikisogeza karibu na jiko, nikakitoa mbio nikiogopa nimeipika. Mume wangu alipouliza kama imeiva, nilimwambia anipishe.

Mwishowe nikaenda chumbani kwa mama mkwe.

"Mwaitu, hailii," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Lete."

Akabandika sikio kwenye kibuyu, akafumba macho. Nilimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Haijafa. Inasikia baridi tu." Akafunua blanketi. "Ilaze hapa."

"Na ikimwagika?"

"Nimelala na watoto saba, mama. Hii itanishinda?"

Tukakilaza kando ya tumbo lake. Saa tisa alasiri akaniita. Nikainama: ndani kulikuwa na mvumo, kama mzinga wa nyuki.

Jumamosi, huko ukweni, kaluvu ilimiminwa ikiwa nyeusi na nzito. Baba wa bibi harusi alionja, akaizungusha mdomoni.

"Tamu kama ya kunywesha watoto, ukali bado," akasema. Wazee wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akasogeza kikombe kijazwe tena, na mbuzi wakapokelewa.

Tuliporudi, mama akataka kuonja. Daktari alikuwa ametuonya. Nilisita, halafu nikachovya kidole, nikampaka tone moja mdomoni. Akalamba taratibu.

"Umeitoa siku mbili mapema," akasema. "Lakini ni kaluvu."

Jumatatu nilimpeleka kliniki. Alipotobolewa kidole nilikaa kwenye benchi nikiomba, nikilifikiria lile tone. Sukari ilikuwa imeshuka kidogo. Daktari akatupongeza kwa kufuata masharti. Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu.