Samaki wa Amolo Chini ya Taa Nyeupe

Wengine huuza kwa mdomo. Amolo aliuza kwa mkono. Ukifika kwa meza yake pale mtaa wa Pioneer, karibu na steji ya boda boda, kabla hujauliza bei alikuwa ameshamega kipande cha ngege, yule samaki wa ziwa, amekipuliza na kukutilia kiganjani. "Onja kwanza, baba." Na nani ataonja ngege ya Amolo halafu aende kula kwingine?

Alitoka upande wa ziwa akiwa msichana, akaolewa, akafiwa, akabaki na karai lake la samaki. Baadaye ngozi ya mikono ikaanza kupoteza rangi, mabaka meupe kutoka vidoleni hadi viwikoni. Daktari alimwambia hayo mabaka hayaumi, hayaambukizi, na pia hayaponi. Basi akanunua sweta ya mikono mirefu, na meza akawa anaifungua jua likizama. Taa ya barabara iliyokuwa juu yake ilikuwa ya zamani, ya nguzo yenye kutu, na mwanga wake ulikuwa wa manjano kama mafuta ya kukaangia. Chini yake samaki, ugali na mkono vilikuwa rangi moja. Aliyejua siri ni Nabwire peke yake, jirani wa meza ya sukuma wiki, aliyeimba naye kanisani.

Lakini taa ile ilizimika ikitaka, na wezi walijua. Wesonga, mwendesha boda aliyekula kwa Amolo karibu kila jioni, alipigwa rungu hapo hapo gizani, pikipiki ikaenda. Chifu alipoitisha baraza juu ya taa mpya zinazokula umeme kidogo, wanaume walinung'unika tu wakiwa wamekaa. Amolo ndiye aliyesimama akaomba nguzo yao ianze. Akapigiwa makofi. Na kweli ikaanza yao.

Mafundi walikuja mchana na gari la ngazi, wakashusha ile taa kuukuu, wakafunga nyingine bapa kama sahani. Jioni ikawaka. Mwanga ukawa mweupe pe, ukaonyesha hata magamba yaliyosahauliwa chini ya meza. Watu wa steji wakapiga mbinja. Wesonga akaja wa kwanza, kiganja wazi kama kawaida yake. Amolo akamega, akapuliza, akanyoosha mkono.

Kiganja cha Wesonga kikarudi nyuma.

"Mama, hiyo mkono imefanya nini?"

Akamweleza polepole kwamba ni ngozi tu, na vile daktari alisema. Wesonga alisikiliza, macho hayatoki kwa vile vidole. Kisha akasema, kila mtu asikie, "Na miaka hii yote umekuwa ukitulisha nayo?"

Mwingine akatania kwamba ndiyo maana samaki yake ilikuwa tamu, kumbe mama anachanganya na ngozi. Wakacheka. Mmoja akaenda mtaroni kutapika, au kujifanya. Kipande kikabaki kwa vidole vya Amolo mpaka kikapoa.

Tangu hapo karai lilirudi nyumbani vile lilivyokuja. Alivaa glavu, wakasema anaficha. Akashika uma, wakasema hata yeye mwenyewe sasa anajiogopa. Nabwire ndiye aliyeleta shauri: yeye asimame mbele auze, Amolo akaange nyuma ya kizuizi cha mabati, mambo yakitulia atarudi mezani pake. Amolo akakubali. Angefanya nini?

Watu wakarudi. Haukupita muda mrefu, jioni moja akiwa nyuma ya bati, akamsikia Wesonga akitafuna na kusifu kwamba hii sasa ndiyo samaki, safi, hata ladha imebadilika. Halafu akauliza yule mama alienda wapi.

Amolo akaacha kugeuza. Mafuta yalichemka, naye akangoja. Neno moja tu la Nabwire lingetosha, na Nabwire alikuwa ameionja mikono hii kuliko wote.

"Alirudi kwao," Nabwire akasema. "Siku hizi nakaanga mimi."

"Hapo sawa. Basi niongezee mkia."

Nabwire akapitisha sahani tupu chini ya bati bila kuinama. Amolo akachagua mkia mnono, akauweka, akaisukuma sahani nje taratibu, akichunga vidole vyake visipite ukingo wa bati.