Ngoma Kubwa ya Masatu

Harufu ya ngozi ya mbuzi inayopashwa moto wa nyasi bado inanisimamisha njiani. Wengine ikiwafikia wanakumbuka harusi. Mimi nakumbuka asubuhi moja Bunda, pembeni mwa uwanja wa mpira, watoto wa shule yetu ya kule Bugwema wameizunguka ngoma yao kubwa, wakiisogeza motoni kidogo kidogo ili ngozi ikaze kabla ya mashindano ya bendi.

Ilikuwa miaka ile ambayo hata kama hukuwepo umesimuliwa: sabuni hakuna, sukari kwa foleni, khanga mpya ni kitu cha kusikia tu. Ngozi za plastiki zilizokuja na ngoma zetu zilipopasuka, hazikupatikana nyingine Musoma wala Mwanza, kwa hiyo Mwalimu Kaitira, aliyefundisha bendi, akawamba za mbuzi. Sare zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Viatu ndivyo vilivyomshinda kabisa. Mwishowe akawapaka wachezaji chokaa kuanzia nyayo hadi chini ya magoti, waonekane wamevaa soksi nyeupe. Kwa mbali walipendeza kweli. Kwa karibu walifanana na kuku waliopita kwenye unga.

Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa shabiki wa miaka tisa, na ushabiki wangu ulikuwa na sababu: ngoma kubwa ilibebwa na dada yangu, Nyanjura. Miaka ya nyuma ilikuwa imebebwa na kaka yetu, Masatu.

Masatu alikuwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Alipomaliza shule alilima pamba na baba misimu michache, kisha akaingia jeshini. Vita vilipokwenda Uganda naye alikwenda, hakurudi. Ilikuja barua, na baadaye sanduku lenye nguo zake. Tuliambiwa amezikwa hukohuko. Mchungaji na wazee wa kanisa walikuja kupanga ibada ya mazishi, baba akawauliza swali moja tu.

“Nizike nini? Nguo?”

Wakaondoka bila kunywa hata uji. Matanga hayakuwekwa. Mama alikwenda kulia shambani peke yake, na pale nyumbani jina la Masatu likawa halitajwi tena. Mimi, kwa utoto wangu, nilidhani baba amemkasirikia Masatu kwa kutorudi.

Kwa hiyo Nyanjura alipochaguliwa kupiga ngoma ileile, baba alikataa kabla hajamaliza kusikiliza.

“Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka,” alisema. “Mimi nimeshapasukiwa na moja. Inatosha.”

Mwalimu Kaitira alikuja kumsihi mara mbili, akaondoka mara mbili. Nyanjura hakubishana. Aliendelea na mazoezi shuleni, na nyumbani alikuwa akipiga paja lake kwa kiganja huku anasonga ugali kwa mkono mwingine. Baba alikuwa anaona. Alikuwa ananyanyuka na kutoka nje.

Siku ya mashindano baba aliamkia shamba la pamba. Mama akamfunga Nyanjura mkanda wa sketi, akamwambia, “Nenda, mwanangu. Akiuliza, nitajibu mimi.” Nyanjura akatoka mbio. Kisha mama akachukua khanga yake na kunishika mkono. “Na sisi twende. Kama ni kujibu, nijibu nilichokiona.”

Tulipanda lori lililokuwa linapeleka pamba mjini, tukakaa juu ya magunia, tukashuka Bunda tukiwa na mvi za nyuzi kichwani. Uwanja ulikuwa umeshajaa. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakiwa na furaha na njaa kwa wakati mmoja. Walikuja na matawi ya miti mikononi, na makopo ya kugonga. Soda haikuwepo, lakini miwa ilikuwepo, na maganda yake yalitapakaa hadi kwenye chaki ya uwanja.

Bendi ya shule moja ya Musoma mjini iliingia na matarumbeta halisi, na viatu. Mashabiki wao walipowaona watoto wetu walianza kuimba, “Chokaa! Chokaa!” Nikalia kwa hasira. Halafu ikaja bendi kutoka Butiama, filimbi tupu na vingoma vitatu, na filimbi zile zilipanda taratibu sana hata wamenya miwa wakasimamisha visu. Nilisahau kulia. Nilisahau hata kwamba wale ni wapinzani.

Zamu yetu ilipofika, Nyanjura aliingia wa mwisho, ngoma imemfunika kuanzia kidevu hadi mapajani. Alipopiga pigo la kwanza, mama alikibana kiganja changu mpaka kikauma. Nikamtazama, nikaona haangalii bendi. Anaangalia ng'ambo ya uwanja.

Baba alikuwa amesimama pale, ameshika baiskeli, vumbi hadi magotini.

“Amekuja kumpiga,” nilisema.

“Nyamaza,” mama akajibu.

Nilisubiri aingie uwanjani. Hakuingia. Aliilaza baiskeli chini, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Watu walikuwa wanarukaruka pande zake zote, mmoja akamkanyaga, wala hakugeuka.

Sasa, bendi yetu ilikuwa na namna yake ya kumaliza. Masatu ndiye aliyeianzisha enzi zake, na Mwalimu Kaitira hakuibadilisha. Vingoma vidogo vinapiga kwa kasi, vinakimbia, kisha vyote vinakatika ghafla. Kimya, kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuishusha. Halafu ngoma kubwa inapiga pigo moja, basi.

Vingoma vikakimbia. Vikakatika. Uwanja mzima ukanyamaza, na katika kimya kile nikasikia sauti ya baba kutoka ng'ambo.

“Masatu!”

Aliita vilevile alivyokuwa anaita zamani, jioni, chakula kikiwa tayari. Nyanjura akayumba. Nilifikiri pigo halitakuja. Likaja.

Tulikuwa wa tatu. Musoma mjini walishinda, na walistahili. Watu walipoanza kutawanyika, baba alivuka uwanja akaenda moja kwa moja kwa Nyanjura. Mama nami tulikimbia. Tulipofika, Nyanjura alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri kofi, chokaa imemtiririka miguuni kwa jasho. Baba akaunyanyua mkanda wa ngoma begani kwa Nyanjura, akauvaa yeye. Akasimama hivyo, mzee mwenye ngoma ya shule tumboni.

“Ni nzito,” alisema.

“Ndiyo, baba.”

“Mwenzio alikuwaga anasema ni nyepesi.”

Mama akageukia pembeni akajifunika khanga usoni. Baba akaibeba ngoma ile mwenyewe hadi kwenye lori, akarudi nyumbani kwa baiskeli yake, na kesho yake akamwita mchungaji. Matanga ya Masatu yakawekwa. Watu walijaa uani siku tatu, na baba akakaa chini pamoja nao akapokea pole.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama hadithi ya baba aliyemsamehe dada. Biashara zikafunguliwa, ngoma za kung'aa zikajaa madukani Musoma, nami nikawa mama wa watoto wangu, bado nikiisimulia hivyo. Kisha mume wangu akazama ziwani, na mwili wake ukakaa siku nne bila kuonekana. Siku zile nne sikulia. Nilipika, nilifagia, niliwajibu watu. Nilijua kwamba nikilia tu, nimekubali. Siku ya nne wavuvi walimleta ufukweni, nikalitamka jina lake kwa sauti, na hapo nikalia.

Ndipo nilipomwelewa baba. Yeye hakuletewa mtu ufukweni. Ilimbidi aendeshe baiskeli hadi Bunda kutafuta mahali pa kuliita jina la mwanawe. Sisi tulikwenda kushangilia mashindano. Yeye alikwenda kuzika.