Mashine Yangu Ilimpokea Mwanangu kwa Kelele

Mimi ndiye niliyekosea. Nalisema mapema ili usianze kumtafuta mwingine wa kumlaumu, kama nilivyofanya mimi.

Nilitoka Mbinga na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Basi hadi Songea, lori la mahindi hadi Njombe. Makambako niliuza betri. Morogoro nilijifunza kompyuta kwenye darasa la jioni. Dar ikanishinda. Mwisho nikashuka stendi ya Moshi asubuhi moja, mlima ukiwa wazi wote. Kila mji nilijiambia ndio wa mwisho, na kila mji nilianza kuukumbuka ule niliotoka.

Nyuma nilimwacha binti yangu, Editha, na mama yake. Hatukugombana. Nilichoka tu kukaa. Aibu gani hii!

Nikapata chumba Majengo, na kazi kwa Mama Shabani, mwenye duka la huduma za kompyuta. Intaneti ndiyo kwanza inaingia mjini, kwa waya wa simu. Mashine inapiga namba yenyewe, inatoa milio mikali ya kukera, ndipo inaunganishwa. Laini ilikuwa moja tu, ya kompyuta na ya simu ya mezani.

Jioni wenzangu walipanda kwao mlimani, Kibosho na Kirua Vunjo, kwenye migomba yao na watu wao. Mimi nilirudi chumbani kusikiliza redio ya jirani kupitia ukutani.

Kilichonishikilia ni Jumamosi. Siku hiyo Editha alikuwa akinipigia dukani kutoka kibanda cha simu cha sokoni kwao. Tuliongea kidogo, habari za shule na za kuku wake. Wiki yangu nzima ilikuwa pale.

Nikaogopa atapiga kompyuta ikiwa imeshika laini. Nikaenda ofisi ya simu, nikaomba ile huduma ambayo mtu akipiga wakati laini inatumika, kinasikika kimlio kidogo. Niliamini kitanishtua. Nilijiona mwerevu!

Ndipo Mzee Temba, mnunuzi wa kahawa, akataka tumvutie mafaili ya bei kutoka Ulaya kila mchana. Nikaandika programu ndogo. Sehemu ya kuvuta mafaili niliichukua kwenye maktaba, yaani mkusanyiko wa programu walizokwisha kuandika wengine ili usianze upya.

Ikaanza kunisumbua. Siku nyingine faili linashuka lote. Siku nyingine linafika nusu, linakatika. Ingekataa siku zote, ningejua pa kushika! Na Jumamosi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Nikajiambia ni Wazungu wengi wako mtandaoni wikiendi.

"Wewe Mngoni," Mzee Temba aliniita hivyo ingawa mimi ni Mmatengo, "bei yangu leo ina kichwa tu. Miguu iko wapi?"

"Imekwama njiani, mzee."

"Njia gani, ya Kibosho? Mbona mimi na kigari changu kile nafika!"

Watu wakacheka. Mimi nikanuna.

Nikaisoma ile maktaba mstari kwa mstari. Nikaongeza muda wa kusubiri. Nikalaumu mvua, nyaya, na aliyeiandika, mtu nisiyemjua hata kwa sura.

"Baba Editha," Mama Shabani akaniambia, "Jumamosi si uizime hiyo mashine, mtoto apige?"

"Huduma ipo, mama. Akipiga nitajua."

Mwisho nikaiongezea programu maagizo mapya. Laini ikikatika, ipige namba tena papo hapo. Umeme ukikatika ukarudi, mashine ijiwashe na kuendelea yenyewe. Mafaili yakafika! Mzee Temba akaniletea mkungu wa ndizi, nikaubeba Majengo kifua mbele, nikala peke yangu.

Lakini Editha akawa kimya. Jumamosi hii, kimya. Jumamosi ile, kimya. Nimekaa kando ya simu, kompyuta inakatika, inapiga tena, milio ile ile, na mimi namsubiri mwanangu.

Hasira ikanipanda. Nikamtuma mfanyabiashara wa maharage aliyekuwa anarudi kwetu: "Mwambie Editha, kama amenisahau, na mimi najua kusahau."

Maneno hayo kwa mtoto wa darasa la sita! Mungu anisamehe.

Jumamosi moja umeme ukakatika. Kompyuta imezima. Simu ikalia.

"Haloo?"

Nikamsikia akimwambia mtu pembeni, "Mama, leo hailii!"

"Editha! Ni baba. Nini hailii?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hupigi?"

"Nilikuwa napiga. Kila Jumamosi. Ukipokea, inalia tititi, kelele. Nikasema labda baba hataki."

Kumbe kile kimlio nilichokiomba mwenyewe ndicho kilichokuwa kinaikata kompyuta. Na simu ya mezani ilipotaka kulia, programu yangu iliwahi kuidaka laini na kumpigia namba sikioni. Faili likikatika Jumamosi, alikuwa ni yeye. Alikuwa anapiga, na mimi nilikuwa namrekebisha kama kasoro ya mashine!

"Halafu ukatuma mtu aseme nimekusahau," akasema. Hakulia. Afadhali angelia! "Mama ameolewa. Kesho tunahama. Nimepiga kuaga."

"Mnahamia wapi?"

Taa ikawaka juu yangu. Kompyuta ikaanza kuvuma. Nilikuwa na nafasi ya kuchomoa waya. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza nimsikie. Mimi nikaanza kujitetea: mwanangu, sikujua, ni mashine, ni laini...

"Baba, ni kule..."

Tititi! Milio ikajaa sikioni. Nilipochomoa waya, alikuwa amekata.

Nilikaa na simu ile hadi duka linafungwa. Haikulia.

Mpaka leo sijui walihamia wapi. Kila niliyemuuliza kwetu alinitajia mji tofauti.

Wewe mwenye mtu wako mbali, siku yake ikifika, zima kila kinachoshika laini. Na akianza kukuambia anakokwenda, usijitetee. Nyamaza umsikie!

Alfajiri iliyofuata simu ile, Mama Shabani alinisindikiza stendi, nikielekea Mbinga.

"Utakuta wameondoka."

"Najua, mama."

"Na wewe, hicho kibanda cha sokoni kina namba. Hata siku moja hukupiga uombe aitwe?"

Nikapanda basi, nikakaa upande ambao mlima hauonekani, na Moshi sijarudi tena.