Dada Yangu na Koki Iliyofungwa

Watu wakisikia kishindo kiwandani hutoka mbio. Dada yangu huanza kutafuta viatu vyake vya kazi. Baba yetu ni fundi cherehani, na ulimi wake una ncha kuliko sindano zake. Alikuwa akimwambia, "Mwanangu, wenzako wanaukimbia moshi, wewe unaukimbilia. Hivi uliumbwa kinyumenyume?" Dada anacheka, anachukua mkoba wake, huyo anaondoka.

Ni mhandisi, na kazi yake ni kuchunguza ajali za viwanda vya kemikali: tangi lililopasuka, gesi iliyovuja, mtambo ulioshika moto. Hufika moto ukishazimwa na majeruhi wakishaondolewa, wakati kila mtu ameshapata wa kumlaumu. Yeye hatafuti wa kumlaumu. Anatafuta kilichotokea. Mameneja wamempachika jina la Pua, kwa sababu hapiti pembe bila kuinusa, na nasikia akivuka lango la kiwanda walinzi hupigiana simu: "Jipangeni, Pua kaingia." Jina lenyewe analipenda. Husema pua ni kiungo cha heshima, ndiyo maana ikawekwa mbele.

Mimi ni mdogo wake, muuguzi katika hospitali kuu ya mji. Kwa kawaida kazi zetu hukutana mezani tu, kila mmoja akilalamikia miguu yake. Lakini kiwanda cha sabuni kilipovuja gesi tulikutana kazini, na ndiyo maana habari hii naweza kuisimulia bila kuazima macho ya mtu.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Lori lilikuwa limeleta asidi. Nyuma ya kiwanda kile kuna matangi mawili makubwa, moja la asidi na jingine la dawa ya kung'arishia nguo. Kila kimoja kikikaa kwake hakuna neno. Vikikutana, vinazaa klorini, gesi ya kijani-manjano iliyo nzito kuliko hewa, inayotambaa chini kama maji na kuchoma macho, koo na mapafu. Siku hiyo mpira wa kushushia asidi kutoka kwenye lori uliunganishwa kwenye mdomo wa tangi lisilo lake. Wingu likatoka, likavuka ukuta wa kiwanda, likaingia mtaani.

Wodi yetu ilifurika watu wanaokohoa na kushika vifua. Wengi tuliwaosha macho, tukawapa hewa safi, wakarudi makwao. Aliyebaki ndiye yule aliyeunganisha mpira, mwanamume mrefu ajabu ambaye wenzake humwita Mnara. Kitanda hakikumtosha, ikabidi miguu yake tuiongezee stuli. Mapafu yake yalikuwa yameungua vibaya. Alipumua kwa mashine, na mrija uliokuwa kooni ulimzuia kusema.

Kabla hajafumbua macho vizuri, hukumu yake ilikuwa imeshatoka. Meneja wa kiwanda aliwaambia waandishi wa habari, "Huu ni uzembe wa mtu mmoja. Aliunganisha mpira vibaya, kisha akakimbia akaacha koki wazi." Maneno hayo yalifika mitaani kabla ya gazeti. Mke wa Mnara alikuwa akija kumwona mumewe amejifunika mtandio hadi machoni.

"Dada muuguzi," aliniambia siku moja, "mtoto wa jirani yangu alivuta ile gesi. Leo nimemsalimia mama yake, ameniangalia kama anaangalia ukuta. Mume wangu anaweza kukosea, ni binadamu. Lakini kukimbia? Huyu hajawahi kukimbia hata mvua."

Nilimshika mkono tu.

Dada alipopewa uchunguzi ule, meneja alimpokea kwa kiti cha mto na soda baridi.

"Karibu sana, mhandisi," akamwambia. "Safari hii kazi yako nyepesi. Mkosaji tunaye."

"Basi nimepunguziwa," Dada akasema, soda ameiacha pale pale. "Nionyesheni matangi."

Walimpeleka nyuma. Kila tangi lilikuwa na mdomo wa bomba wa kupokelea mzigo, na juu ya kila mdomo yalikuwapo maandishi mekundu makubwa: ASIDI hapa, DAWA pale.

"Unaona mwenyewe," meneja akasema. "Hata kipofu angesoma."

Dada aliinama, akanusa. Kisha akaikwaruza herufi moja kwa ukucha. Rangi ikanyanyuka kama utando wa maziwa, na chini yake kukawa na kutu mbichi, ya rangi ya chungwa. Alisogea kwenye herufi nyingine akafanya vile vile. Kutu.

"Klorini inakula chuma," alimwambia meneja kwa upole. "Kutu hii ililetwa na gesi ya siku ile. Rangi imekaa juu ya kutu. Sasa nisaidie, maana mimi mgeni hapa: kilichotangulia ni ajali au maandishi?"

Meneja akakohoa, ingawa siku hiyo hapakuwa na gesi yoyote.

Mtu mwingine angefunga mkoba akarudi ofisini na ushindi huo. Dada alikwenda kwenye lori, lililokuwa bado limeegeshwa pale pale. Kipimo cha tangi lake kilionyesha kwamba asidi iliyotoka ni kidogo tu, sehemu kubwa bado imo ndani. Alishika koki ya nyuma. Ilikuwa imefungwa, tena imekazwa.

"Hii nani ameifunga?" akauliza.

Dereva akaangalia chini. "Mimi sitakudanganya, mama. Nilipoona lile wingu, miguu ilinichukua yenyewe."

Akawauliza wazima moto. Wakasema walipofika waliikuta hivyo. Akawauliza wafanyakazi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa upande wa pili wa ukuta wakati ule; Mnara walimwona akitoka nao, kisha wakampoteza. Koki haijifungi. Dada alipiga magoti, akachungulia chini ya lori, akatoka na glavu moja ya mpira, kubwa, ya mkono wa kulia.

Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo usingizi ulipoanza kumkimbia. Kama asidi ile yote ingeingia katika tangi la dawa, gesi ingetoka mara nyingi zaidi, na mtaa ule una shule ya watoto wadogo.

Alipokuja hospitalini hakuja kwangu kama dada. Alivaa kitambulisho chake, akasubiri kwenye benchi kama wageni wengine, akamwomba mke wa Mnara ruhusa ya kuona majeraha ya mumewe.

"Mwangalieni mtakavyo," yule mama akasema, "mradi mkitoka hapa msimwite mwoga."

Nilikuwa nikimbadilishia bandeji ya mkono wa kulia. Kidonda kile nilikuwa nimeshakifunga na kukifungua tena na tena, na kwangu kilikuwa ni kuungua kwa asidi basi. Kilikatiza kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine, kimenyooka kama kimepigwa rula.

"Wa kushoto ukoje?" Dada akauliza.

"Mzima kabisa," nikasema.

Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya koki ya lori. Mpini wake ulikuwa chuma chembamba kilichonyooka, chenye madoa ya asidi. Akaiweka picha karibu na kiganja kile. Mpini na kidonda vilikuwa na upana mmoja.

"Glavu ilikuwa inateleza," akasema polepole. "Akaivua ili apate kushika."

Mnara alikuwa macho, anatuangalia. Hakuweza kusema, lakini chozi lilimtoka likashuka hadi sikioni. Mimi nimefunga vidonda vingi, lakini siku hiyo ndipo nilipoona mtu akikisoma kidonda. Dada naye alikuwa anafutafuta miwani yake, miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kikao cha kusoma ripoti kilifanyika wazi, katika bwalo la kulia chakula pale kiwandani. Wafanyakazi walijaa, na watu wa mtaani walisimama madirishani. Mke wa Mnara alikaa nyuma kabisa. Mimi nilifika na Baba, ambaye alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu na kusahau futi yake ya kupimia shingoni. Nilipotaka kumtoa akanipiga kikofi mkononi. "Iache. Wajue na mimi nina kazi."

Dada hakuanza kwa kusoma. Aliwaomba watu wote watoke uani. Pale alikuwa ameagiza matangi yale mawili yasafishwe na lori lijazwe maji badala ya asidi, na yale maandishi mapya ameyafunika kwa karatasi.

"Meneja," akasema, "naomba uvae."

Akavalishwa kinyago cha gesi, kofia ngumu, glavu nene na aproni. Jua lilikuwa kali, na baada ya pumzi chache vioo vya kinyago vilishika ukungu.

"Huu ndio mpira wa asidi. Uunganishe."

Meneja alisogea, akainama, akapapasa. Akasita. Akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikiliza. Mwisho akachagua mdomo mmoja, akaunganisha, akakaza, akanyoosha kidole gumba juu. Maji yakafunguliwa. Alipovua kinyago aliona wanavyomtazama, ndipo akaona na tangi lenyewe. Maji yalikuwa yanaingia kwenye tangi la dawa.

Watu waliangua kicheko. Kisha kicheko kikafifia chenyewe, maana kila mmoja alielewa alichokiona.

"Sikukuita hapa nikuaibishe," Dada alimwambia. "Hata mimi ningevaa hivyo, huenda ningekosea. Midomo hii inafanana kama mapacha. Iko ubavu kwa ubavu, siku ile haikuwa na alama, na anayeunganisha anaona ukungu mtupu. Kosa hapa halikuwa linamsubiri mzembe. Lilikuwa linasubiri zamu ya mtu yeyote."

Ndipo akaeleza habari ya koki. Alieleza kama anavyoandika, bila kupaka sukari: kipimo cha lori, glavu iliyokuwa chini, kidonda cha kiganjani. "Watu wote walitoka," akamaliza. "Mtu mmoja alirudi ndani ya gesi akaifunga koki. Mapafu yake yameungua kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu nyingine. Kama asingerudi, leo kikao hiki tungekifanyia makaburini."

Mke wa Mnara alisimama. Alishusha mtandio wake, akauweka mabegani, akasimama uso wazi mbele ya mtaa mzima. Yule jirani yake alipita katikati ya watu akaenda kumkumbatia.

Pembeni yangu Baba alimshika bega mtu asiyemjua. "Unamwona yule anayezungumza? Ni mtoto wangu," akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi langoni. Halafu akaona na mimi nipo. "Na huyu pia, muuguzi. Nyumba moja hiyo, bwana!"

Meneja alikiri kwamba yeye ndiye aliyeagiza rangi ile ipakwe, na akaondolewa. Kiwanda kiliamriwa kubadilisha midomo yote: wa asidi ukafanywa mpana, wa dawa mwembamba, na kila mmoja una mpira wake. Hata ukitaka kukosea, mpira hauingii. Baadaye amri hiyo ikawa sheria ya viwanda vyote nchini, na maneno ya sheria ile ni maneno ya ripoti ya dada yangu, nukta kwa nukta. Baba anayo nakala ukutani, karibu na kioo cha wateja. Ukienda kupimwa suruali utaisoma, upende usipende.

Mnara alitolewa mrija, akaanza kusema kwa sauti ya kukwaruza. Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, Dada alikuja kumsalimia. Kwa mara ya kwanza alimwona amesimama, akalazimika kuinua shingo.

"Swali moja halikuingia kwenye ripoti," Dada akamwambia. "Ulishafika nje. Ulirudi kwa nini?"

Mnara alifikiri kidogo. "Koki ilikuwa inamwaga, mama. Aliyekuwa karibu ni mimi."

Siku hizi hafanyi tena kazi nzito, na ngazi anazipanda kwa vituo. Lakini wafanyakazi wapya wote wa kiwanda kile huanza kwake: anawafundisha kuvaa, kuunganisha, na kusema "sioni vizuri" bila aibu.

Hivi karibuni Dada alipigiwa simu na mlinzi wa kiwanda kingine, mji mwingine kabisa. Dereva mgeni alileta asidi, akavuta mpira hadi kwenye tangi la dawa. Ukakataa kuingia. Akausukuma, akautukana, akaupiga teke. Mwisho akainua macho akaona amekosea tangi, akahamia la pili, akashusha mzigo wake, akaondoka. Hakuna king'ora kilicholia wala gazeti lililoandika, na katika wodi za mji ule hakuna muuguzi aliyeongezewa mgonjwa.

Dada alinisimulia habari hiyo tukiwa tunaanua nguo. Alipomaliza, akaanza tena kuisimulia tangu mwanzo, na nilimwacha aimalize.