Mshenga na Sahani za Papardele

Jamani, aibu niliyoipata kule Harrow, huku ughaibuni, mpaka leo nikiikumbuka najifunika uso kwa mto, lakini acheni niwasimulie mwenyewe, maana wengine watatia chumvi.

Mpwa wangu Beni kampenda binti wa Kitaliano, Kiara, akaniomba niwe mshenga. Mimi! Nilifurahi nusura niruke, nikaazima suti ya jirani (pande la mtu, suruali nikaikaza kwa mkanda, nani ataona?). Kwenye treni kutoka Lewisham Beni akaninong'oneza, "Mjomba, mama yake anapika papardele. Chonde chonde, baba yake akituona hatuna adabu, binti hamtoi."

Papardele ndiyo nini? Nikapekua simu mbio mbio: tambi pana kama utepe, na jina lake, bwana wee, inasemekana limetokana na neno lao la kubugia! Nikasema haya, hapa nimefika. Watu walioita chakula chao hivyo si wanataka mgeni anayekula kwelikweli? Na kwetu mshenga akibakiza chakula ukweni, watu watasemaje?

Basi nikabugia. Mama Kiara akaongeza, nikabugia, akaongeza tena, nikabugia huku namweleza mzee maana ya jina la chakula chake mwenyewe (kiherehere changu mnakijua), naye anacheka, "Kweli kabisa!" Nikaona posa imepita. Mkanda ukawa unanikata tumbo, nikaufungua kimyakimya chini ya meza, nikasema, "Ahsante mama, tumeshiba, sasa tuseme lililotuleta."

Mama akashangaa. "Mbona chakula chenyewe bado?"

Kumbe kwao tambi ni za kufungulia tu! Akatokea jikoni na paja zima la kondoo, na mimi kwa heshima nikainuka kumpokea sinia, mikono miwili, kama tulivyolelewa. Suruali ikabaki chini.

Mungu wangu! Sinia la moto mikononi, kuliachia siwezi, kuinama siwezi. Beni akafumba macho. Halafu mzee akapiga meza kwa kicheko, machozi yanamtoka: "Huyu ametii jina la chakula! Binti mchukueni, ila kwanza mvalisheni mjomba!"

Beni kaoa, raha mustarehe. Mimi siku hizi nikialikwa nauliza kwanza, "Baada ya hiki kinakuja nini?" na mkanda siufungui hata nipasuke. Lakini nimeshachelewa, maana kule ukweni hakuna anayelijua jina langu tena. Wote, hata watoto, wananiita Mjomba Papardele, na ninaitika.