Mjane Aliyeshukuru Matangani

Radi ilimpiga Ombui mchana peupe, mwaka wa sitini na sita, akichuma pareto shambani kwake Kiogoro. Mvua yenyewe ilikuwa bado ng'ambo ya vilima. Mkewe, Nyanchama, alikuwa bondeni akifua nguo. Alisikia mpasuko, na alipoinua macho aliona ng'ombe wa jirani wakitimka mikia juu. Alipanda mteremko mbio huku akiita jina la mumewe. Alimkuta amelala kifudifudi, kikapu bado kimefungwa kiunoni, maua meupe yamemtapakaa mgongoni.

Kwa Wagusii wa siku zile radi haikuwa ikija bure. Mtu akifa kwa homa, watu huuliza alikula nini. Akifa kwa radi, huuliza ni nani aliyeituma. Swali hilo lilianza kupita nyumba kwa nyumba hata kabla maiti haijaoshwa.

Siku ya mazishi, Alfayo, mzee wa kanisa la Wasabato, alimpa mjane nafasi ya kusema neno. Watu walijiandaa kusikia kilio. Nyanchama alisimama kando ya kaburi, amemshika mkono Bitutu, mtoto wake wa pekee, akasema kwa sauti kavu:

"Namshukuru Mungu kwa Ombui. Tangu anioe hakunipiga hata siku moja. Hakuwahi kulewa akaniaibisha mbele ya watu. Ninyi wake za watu mnajua hiyo ni zawadi ya namna gani. Mungu alinipa, wala hakuniahidi kwamba ni ya milele. Asante yake naitoa sasa, kabla udongo haujamfunika."

Wanaume kadhaa walitazama chini, na wake zao wakawatazama wao. Ndipo Ogari, mdogo wake marehemu, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliosimama nyuma:

"Mmemsikia? Ndugu yangu yuko shimoni, na huyu anashukuru."

Maneno mengine yote ya siku ile yalisahaulika. Hayo ndiyo yaliyobaki.

Matanga hayajapoa, Ogari alikuja kudai kilicho chake kwa desturi. Alitaka kumrithi mjane, na shamba la pareto pamoja naye. Alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Shemeji," Nyanchama alimwambia, "wewe una mke. Mokeira hajakukosea kitu. Na mimi nimebatizwa, siwezi kuwa mke wa pili wa mtu."

"Basi wewe ni nani hapa? Mume huna. Mtoto wa kiume huna."

"Mimi ni mke wa Ombui."

"Ombui uliyeshukuru alipokufa," Ogari akasema, akatema mate mlangoni, akaondoka.

Tangu siku hiyo Nyanchama aliitwa mchawi. Kwanza walinong'ona, kisha wakasema waziwazi, kisha hawakuona haja hata ya kusema. Alipofika chemchemini, wanawake walijitwika mitungi yao ikiwa nusu na kuondoka. Migomba yake ilikatwa ingali na mikungu michanga. Shuleni Bitutu aliketi peke yake kwenye benchi la watu wanne. Lakini lililomuuma Nyanchama kuliko yote ni mama mkwe wake, Bonareri. Bikizee huyo alikuwa amempoteza mwanawe mkubwa, na uchungu wake ulikuwa umepata mahali pa kukaa. Kila asubuhi alisimama kwenye ua uliotenganisha nyumba zao, akauliza:

"Umeamka, wewe? Mwanangu hajaamka."

"Nimeamka, mama," Nyanchama alijibu.

Jioni, kabla ya kula, alimketisha binti yake wakamshukuru Mungu. Hakuwa na maneno mapana ya sala. Alitaja vitu: unga wa wimbi uliobaki mtunguni, kikohozi cha Bitutu kilichopungua, jembe ambalo halijaibiwa. Na ukweli usemwe, ukaidi ulikuwemo ndani yake. Angeweza kunong'ona, naye alisema kwa sauti, mlango wazi, waliokuwa wakipita njiani wasikie. Nao walisikia, wakachukia zaidi. Ni rahisi kumstahimili mjane anayelia. Huyu alikuwa akitaja baraka zake kama mtu anayegonga misumari.

Rafiki yake alibaki mmoja, na huyo hakuwa Mgusii. Akong'o alikuwa Mjaluo kutoka pande za ziwani, muuza samaki kwenye soko la Kisii mjini. Nyanchama alimpelekea ndizi, akarudi na samaki. Walizungumza Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja upande wake.

"Wewe nasikia iko mchawi," Akong'o alimwambia siku moja, akigeuza samaki juani.

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi loga hii jua ipungue, samaki yangu inaharibika." Wakacheka hadi wateja wakageuka. Ulikuwa umepita muda mrefu Nyanchama hajacheka na mtu mzima.

Mwaka wa sitini na nane, mvua ya mawe ilishuka juu ya Kiogoro. Ilikuja kwa mkanda, kama kawaida yake, ikapiga shamba hili na kuruka lile. Pareto ya Ogari ililala chini kama iliyokanyagwa na ng'ombe. Ya majirani vivyo hivyo. Ya Nyanchama, iliyokuwa nyuma ya mgongo wa kilima, ilibaki imesimama.

Sabato iliyofuata, Alfayo alimngojea mlangoni mwa kanisa.

"Dada," alisema, "wakati wa ushuhuda, leo usisimame."

"Kwani nilikuwa niseme nini, mzee?"

"Najua utakachosema. Watu wameumia. Shukrani nayo ina mahali pake."

"Nilipotoa ya mume wangu mlisema si mahali pake. Nikitoa ya shamba, si mahali pake. Mahali pake ni wapi?"

Alfayo alitazama watu waliokuwa wakiingia, akageuka akawafuata. Na siku ile, kwa mara ya kwanza, Nyanchama alikaa kimya tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Wengine walisimama, mmoja akashukuru kwa mbuzi aliyezaa. Nyanchama alirudi nyumbani amekasirika: amemkasirikia Alfayo, amejikasirikia mwenyewe kwa kumtii, na amemkasirikia Mungu kwa kuipitisha mvua ya mawe pale ambapo ingemletea maneno. Jioni alimpakulia Bitutu bila kusali. Mtoto alimngoja, akaona hakuna kitu, akala.

Kesho yake, Jumapili, alimtuma Bitutu mjini na kikapu cha ndizi kwa Akong'o, yeye akashuka shambani. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipoona moshi. Alidhani ni mtu anachoma magugu. Kisha akatambua unatoka upande gani.

Alipofika, paa la nyasi lilikuwa limekwisha kuporomoka ndani. Ogari alikuwa amesimama mbele na wanaume wengine, wakinuka pombe ya busaa, marungu mikononi. Nyuma yao walisimama wanawake, Mokeira mke wa Ogari akiwa kati yao. Bonareri alikuwa mlangoni kwake, mikono kifuani, akitazama.

"Mchawi arudi kwao Nyamira," Ogari alisema. "Leo tumechoma nyumba. Tukikukuta kesho, tutakuchoma wewe."

Hakuna aliyepinga. Mwanamke mmoja alikohoa kwa sababu ya moshi, basi. Nyanchama aliketi chini, pale pale uani. Alijua wanamtazama kuona atafanya nini, na kwa mara ya kwanza hakujali. Alitafuta moyoni kitu cha kumshukuru Mungu. Nyumba haipo. Pareto iliyokuwa imekauka ndani ya nyumba haipo. Nguo, sufuria, blanketi, Biblia ya Ombui, vyote vimekwenda. Alitafuta tena, akakuta patupu.

"Mungu," alisema kwa sauti ya chini, "leo sina asante. Ukiitaka, ilete mwenyewe."

Alikaa hivyo. Wanaume wakaanza kuona aibu ya kusimama bila kazi, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Ndipo ng'ambo ya ua, kwenye njia inayotoka mjini, akatokea Akong'o na karai lake kichwani, na mbele yake Bitutu, kikapu kitupu kinaning'inia mkononi. Akong'o hakupenda mtoto atembee peke yake jioni, akaamua kumsindikiza.

Nyanchama aliruka wima. Alikuwa amesahau. Katika moshi ule wote, mtu aliyemtuma mwenyewe asubuhi alikuwa amemtoka akilini. Sauti iliyomtoka haikuwa ya sala wala ya kilio, na inasemekana ilisikika hadi kilima cha pili:

"Asante Mungu! Asante, Bitutu hakuwa ndani! Asante, mtoto wangu hakuwa ndani!"

Aliirudia na kuirudia, akimkimbilia binti yake, akamkumbatia, kisha akageuka akawaelekea wale watu uso kwa uso, machozi na kamasi vikimtiririka. "Mshukuruni Mungu na ninyi! Mtoto wa Ombui hakuwa ndani!"

Hapo ndipo Mokeira alipouelewa mchana ule. Alipita kati ya wanaume, akasimama mbele ya mumewe.

"Ogari. Mlijua mtoto hayumo?"

Ogari alihamisha rungu lake mkono wa pili.

"Nakuuliza. Mlifungua mlango mkatazama, kabla ya kuwasha?"

"Wewe nenda nyumbani."

"Mlitazama?"

Hakuna aliyekuwa ametazama. Kila mmoja alimgeukia mwenzake, kana kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mwenzake. Rungu moja lilidondoka, mwenyewe hakuliokota. Mzee mmoja alijitoa kundini akaenda zake bila kuaga, kisha wa pili, kisha wote. Bonareri alishuka kutoka mlangoni kwake polepole. Alimkaribia Bitutu, akamshika kichwa, akampapasa mashavu na mabega kama mtu anayehesabu viungo. Mtoto alikuwa na pua ya Ombui.

"Huyu atalala kwangu," bikizee alisema. Akaona haitoshi. "Wote wawili."

Akong'o alitua karai. "Na samaki ndiyo hii," alisema, "maana sufuria sioni."

Chifu aliitisha baraza. Mokeira alisimama mbele ya watu wote akaeleza ni nani aliyeshika njiti ya kiberiti, ingawa alijua atalipia nyumbani, na kweli alilipia. Ogari aliamriwa amjengee shemeji yake nyumba. Hakujenga. Waliojenga ni waumini wachache wa kanisa na wanaume wawili wa lile kundi, ambao walipigilia nguzo bila kumtazama usoni. Alfayo mwenyewe alileta mizigo ya nyasi za kuezekea. Nyanchama alizipokea.

"Tunamshukuru Mungu," Alfayo alisema.

"Tunamshukuru. Na wewe pia asante, mzee. Lakini ulichelewa."

Alfayo aliinamisha kichwa. "Nilichelewa," alikubali, akapanda juu ya paa kufunga nyasi.

Mtu asidhani uhasama uliisha. Ogari aliishi miaka mingi baadaye bila kumsalimu, na akikutana naye njiani alihamia upande wa pili. Wapo waliosema mchawi huyo amemlisha bikizee kitu hadi ampende, kwa kuwa Bonareri sasa alikula kwake na kukaa uani kwake akimenya ndizi. Mapenzi yenyewe yalikuwa ya kukwaruzana. Bonareri alimlaumu kwa chumvi, kwa kuni mbichi, kwa kuzidisha sala. Lakini lile swali la asubuhi hakuliuliza tena.

Nyanchama aling'oa sehemu ya pareto akapanda chai. Kufikia mwaka wa sabini na nne alikuwa akipeleka majani kituo cha kupimia chai kama wengine, na pale foleni bado iliacha nafasi mbele yake na nyuma yake. Siku moja Bitutu, aliyekuwa sasa msichana mkubwa mwenye hasira za haraka, aliona wanawake wakisogeza vikapu vyao visiguse cha mama yake. Njiani kurudi nyumbani alilipuka.

"Mama, na leo jioni utashukuru?"

"Nitashukuru."

"Kwa watu hawa? Walichoma nyumba yetu!"

"Wao siwashukuru. Wao nawavumilia, na siku nyingine hata hilo linanishinda." Nyanchama alihamisha kamba ya kikapu kutoka bega moja hadi jingine. "Mungu ndiye ninayemshukuru. Nikingoja watu wawe wazuri ndipo nimshukuru, nitazeeka mdomo umefungwa."

"Na ile siku ulikosa cha kushukuru? Bibi ameniambia. Anasema ulikaa kimya majivuni."

"Nilikosa, ndiyo. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo."

"Hakukasirika?"

"Sijui. Muda si muda nikakuona njiani."

Bitutu alichukua kikapu cha mama yake akakivaa juu ya chake, wakashuka bondeni, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na Bonareri alikuwa ameachwa peke yake na nguo zimeanikwa.